Zamu ya Macho

Omena, wale dagaa wa ziwani, ikianikwa hutoa harufu ambayo mgeni huikimbia na mwenyeji huitafuta. Nilizaliwa ndani ya harufu hiyo, Muhuru Bay, mahali ambapo ziwa linakaribia kuingia jikoni mwa watu. Iliingia katika sare zangu za shule, katika nywele, katika kurasa za daftari, hata katika kitenge ambacho Dani, nyanya yangu mzaa baba, alikitunza kwa ajili ya kanisa peke yake. Baba alikuwa dereva wa malori ya miwa kule Awendo, na alipokuja nyumbani mwisho wa mwezi alikuja na harufu yake nyingine, ya molasi na dizeli, basi siku ya kwanza tulishinda tukicheka, kila mmoja akimwambia mwenzake kwamba ananuka. Leo naishi Homa Bay mjini, nafundisha shule ya msingi, na nina sabuni nzuri bafuni. Lakini nikipita sokoni na upepo ukaniletea ile harufu, miguu husimama yenyewe. Hunirudisha kwenye msimu mmoja nilipokuwa na miaka kumi na mmoja, msimu ambao nusura tumzike mdogo wangu wa kike, Awino, kwa jina la Mungu.

Kwanza nieleze jinsi wanawake wa ufukoni kwetu walivyokuwa wakiomba, maana bila hilo hutaelewa nilichokuja kukifanya. Mashua zilirudi alfajiri, omena ikapokelewa kwa mabeseni, ikamwagwa juu ya nyavu kuukuu zilizotandikwa mchangani, kisha ikasambazwa kwa mkono mpaka kila kisamaki kipate jua lake. Adui wa omena ni mvua. Ikinyeshewa kabla ya kukauka huoza, na mvua ya ziwani haina tabia ya kupiga hodi. Kwa hiyo saa saba mchana, wanawake walipokusanyika kuomba kabla ya kugeuza omena, wote walifumba macho isipokuwa mmoja. Huyo ndiye aliyekuwa na zamu ya macho. Aliimba na wenzake, akaitikia amina na wenzake, ila macho yake yalikaa kwenye vilima vya upande wa Tanzania, ambako mawingu yetu hutokea. Akiona weusi alipaza sauti, "Koth biro!" yaani mvua inakuja, na sala ikakatika hapo hapo hata kama ilikuwa katikati ya jina la Yesu. Wote walikimbia kuanua. Na hukuanua ya kwako tu, ulianua iliyokuwa karibu nawe, hata ikiwa ya mke mwenza mliyenuniana tangu Krismasi.

Dani alikuwa mpiga ngoma wa kanisa letu kwa miaka mingi, na sikumbuki mtu aliyethubutu kumwambia kwamba hana imani. Aliamka kuomba kabla ya jogoo, tena kwa sauti, hata jogoo akaonekana mvivu. Nilimuuliza siku moja kama Mungu hakasiriki mtu akikaa macho wazi wakati wa sala. Alikuwa akichambua omena, hakuinua hata kichwa. "Mungu mwenyewe halali," akanijibu. "Unadhani anataka sisi sote tufumbe kwa pamoja? Mawingu ni barua yake, nyathina. Akikuandikia usisome, usimlaumu." Nyathina ni mwanangu, na Dani alilitumia neno hilo hasa pale alipotaka mazungumzo yaishe. Nilipofika miaka kumi akanifundisha kushika zamu, namna ya kutofautisha wingu la kujionyesha na wingu la kazi. Dalili ya mvua ni mawingu, husema watu, lakini hawasemi ni mawingu gani. Mimi nilifundishwa, na nilijivuna sana.

Awino alikuwa na miaka sita na ugonjwa wa selimundu, ule wa kurithi ambao chembe za damu hupinda na kukwama njiani, mtoto akalia mifupa. Katika ukoo wetu ugonjwa huu ulijulikana kabla haujapata jina: watoto wenye macho ya manjano, watoto wasiofika mbali. Kaka yetu aliyezaliwa kati yangu na Awino alikwenda nao akiwa na miaka mitatu. Kwa hiyo Awino alilelewa kwa masharti. Kidonge kidogo cha njano kila asubuhi, sweta jioni hata kukiwa na joto, na chupa ya maji aliyoivaa shingoni kwa kamba, kwa sababu daktari alisema maji ndiyo yanayoisaidia damu yake kupita. Watoto wa shule walimtania wakimwita dereva wa masafa marefu. Yeye alicheka, akafungua kifuniko, akanywa mbele yao kwa madaha. Sijaona mtu mzima anayejua kuishi na maradhi yake kuliko mtoto yule.

Mama alitoka Karachuonyo, ndiyo maana Dani alimwita Nyar Karachuonyo, yaani binti wa huko, na alikuwa amesoma hadi kidato cha pili, jambo ambalo halikuwa dogo ufukoni. Sitaki mtu amwone mjinga. Alikuwa amechoka. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, naye alikuwa amezika mmoja na kila usiku alisikiliza kama wa pili anapumua. Watu wote walimpa pole, hakuna aliyempa matumaini. Ndipo akaja mhubiri mmoja kutoka mbali, tukamwita Mtumishi, akasimika turubai la buluu nyuma ya ghala la wavuvi. Hakujua Kijaluo. Alihubiri kwa Kiswahili na akahitaji mtu wa kumtafsiria, na wanawake wakamsukuma mama mbele. Siku ile ile Mtumishi alimwekea Awino mkono kichwani, akasema, "Mama, huyu mtoto si mgonjwa tena. Mgonjwa ni imani yako." Mama alilitafsiri neno hilo kwa Kijaluo, kwa mdomo wake mwenyewe, mbele ya watu, kisha akalia. Nilikuwa sijamwona akilia tangu mazishi. Nakiri kwamba nilifurahi.

Miezi iliyofuata mama alisimama kando ya Mtumishi kila jioni, yeye akisema, mama akirudia. Neno ulilolirudia mara mia kwa sauti yako huwa lako, hata kama liliingia kama mgeni. Masharti yalianza madogo. Chai ikaachwa. Redio ikafungwa ndani ya gunia. Kisha tukakatazwa kula kwa watu wasio wa turubai, na Dani, aliyekuwa akiishi hatua ishirini kutoka mlangoni kwetu, akawa mtu wa nje. Mwishowe vidonge vya Awino vikakatazwa. Mama alivimwaga ziwani asubuhi moja, akiimba, nasi watoto tukiwa tumesimama kando yake. Dani alipopata habari alikuja mpaka mlangoni. "Nyar Karachuonyo," alisema kwa upole, "mimi pia naomba. Naomba halafu nampa mtoto dawa. Wewe unaniambia Mungu ana mkono mmoja tu?" Mama alijibu kwamba hawezi kushika huku na huku. Akaongeza kwamba Awino hajalia mifupa wiki saba sasa. Hilo lilikuwa kweli, na Dani akarudi kwake. Leo najua kuwa ugonjwa ule una likizo zake, huenda na kurudi upendavyo, lakini wakati ule hata mimi niliziona wiki saba zile kuwa ushahidi.

Kisha Mtumishi akaigusa zamu ya macho. Akasema anayetazama mawingu anamwambia Mungu, sikuamini. Wanawake wa turubai wakaruhusiwa kuanika lakini wasichunge, na wakatandika nyavu zao upande wao peke yao. Siku ya tano mvua ikaja. Wao walikuwa ndani, macho yamefumbwa, wanaikemea. Wanawake wa ufukoni, Dani mbele na kitenge kimefungwa kiunoni, walianua ya kwao kisha wakakimbia kuanua na ya turubai, maana ndiyo desturi, na desturi haiulizi unasali wapi. Mvua ilipokatika Mtumishi alisema omena ile imeshikwa na mikono isiyoamini, imwagwe. Ikamwagwa. Korongo wakubwa wa ufukoni, wale wenye vipara, walikula mpaka wakashindwa kuruka. Nilicheka, nikapigwa kofi. Lakini nilimwona mama akiwatazama wanawake waliolowa wakirudi makwao, na uso wake haukuwa wa mtu aliyeshinda.

Halafu ukatangazwa mfungo. Siku tatu, bila chakula wala maji, wakubwa kwa wadogo, wote tulale ndani ya turubai. Dani aliomba aachiwe Awino, mama akakataa. Dani akamtuma mtu Awendo kumwita baba, lakini baba alikuwa barabarani na lori. Basi akaja mwenyewe na ile chupa ya Awino, iliyoachwa nyumbani, mkononi, akazuiwa kwenye kamba iliyolizunguka turubai, akaketi pale nje mchangani na hakuondoka. Tulimsikia akiimba nyimbo za kanisa lake. Mimi, niseme ukweli wote, nilikunywa. Nilitumwa ziwani kusuuza mabeseni na nikanywa kwa kiganja mara mbili, nikajifuta. Siku ya pili nilimletea Awino maji kwenye ncha ya gauni langu, nikamwambia ayanyonye. Alifunga mdomo. "Mungu anaona," alisema, "na mama amesema nikinywa nitaharibu." Nilimsihi mpaka nikamkasirikia. Katika turubai lile lote hakuna aliyekuwa na imani kubwa kuliko Awino, na ndiyo iliyokuwa ikimmaliza. Nikaelewa kwamba hata Dani akipita kamba, hata mimi nikimbeba mpaka ziwani, hatakunywa. Mtu mmoja tu ndiye angeweza kumwambia anywe, naye alikuwa mbele, akitafsiri.

Ilikuwa mchana wa siku hiyo hiyo ya pili. Tangu alfajiri Awino alikuwa akilia mifupa, kilio cha chini cha mtu anayejizuia. Vidole vyake vilikuwa vimevimba. Mama alikuja mara mbili, akamwekea mkono, akaomba, akarudi mbele. Kisha Awino akanyamaza. Mwanamke aliyekaa karibu yetu akasema amani imeshuka, na watu wakaitikia haleluya. Mimi nilimtazama, kwa kuwa nilikuwa nimekaa macho wazi muda wote. Si kwa ujasiri, ni mazoea tu ya zamu. Midomo yake ilikuwa imepasuka na kichwa kilikuwa kizito begani kwangu. Ndani ya turubai la buluu kila kitu huwa buluu, uso, nguo, mikono, macho, kwa hiyo mama asingeweza kuona rangi ya macho ya mtoto wake hata kama angemtazama. Nilijua ninachotaka: atoke nje kwenye mwanga, amwone. Nikamlaza Awino, nikasimama, nikapaza sauti kama nilivyofundishwa. "Koth biro! Koth biro!"

Hakukuwa na mvua. Hakukuwa na wingu hata la kuazima. Lakini wanawake wale walikuwa wameanika omena tangu utotoni, na mikono yao ilisikia kabla ya vichwa. Sala ilikatika. Walitoka mbio, wengine wakipita chini ya kamba, wengine wakiikanyaga, na mama, aliyekuwa katikati ya sentensi ya Mtumishi, aliiacha sentensi pale pale na kukimbia nao. Nilimbeba Awino mgongoni nikatoka nyuma yao. Nje jua lilikuwa kali. Nikawaona wamesimama kando ya nyavu, wameshika mabeseni, wanatazama mbingu nyeupe, kisha wanatazamana. Mama akageuka kunitafuta kwa hasira, na badala yangu akamwona Awino. Macho yake yalikuwa ya manjano kama kiini cha yai. Mama aliliacha beseni likaanguka.

Mtumishi alikuwa ametoka, amesimama kwenye kamba. Watu hupenda nikiwaambia kwamba alikuwa tapeli, kwamba alikuwa na mtungi wa maji kitandani mwake. Hakuwa nao. Midomo yake ilikuwa imepasuka kuliko yetu sote. Aliamini kila alichokisema, na hilo ndilo linalonitisha hadi leo, kwa maana tapeli angechoka mapema. "Mama," alimwita, "rudi. Ukimpa maji sasa, akifa, damu yake iko juu yako." Wanawake wasioelewa Kiswahili walimgeukia mama wasikie amesema nini. Kwa mara ya kwanza mama hakutafsiri. Alimtazama Mtumishi, akamtazama Dani, aliyekuwa amesimama na chupa lakini hajasogea hata hatua moja, kwa kuwa alijua mtoto si wa kunyang'anywa. Mama alikwenda akaichukua chupa mwenyewe. Akapiga magoti mchangani, akakifungua kifuniko, akamwambia mwanawe, "Kunywa, Awino. Mimi ndiye nimesema. Kunywa, mama." Awino alimtazama kwa muda mrefu kuhakikisha, kisha akanywa.

Pikipiki ilituchukua mama, Awino na mimi hadi hospitali ndogo, Dani akatufuata kwa nyingine. Nesi aliyetupokea alikuwa Mkuria kutoka Kegonga, mwanamke mfupi mwenye mikono mikubwa, na kwa kuwa hakujua Kijaluo aliongea nasi Kiswahili cha kwao. Mama aliuliza, kwa sauti ya mtu anayetarajia kufukuzwa, kama anaweza kumwombea mtoto kabla hajachomwa sindano. Nesi alikuwa ameinama juu ya mkono wa Awino, anaupapasa. "Omba, mama, omba tu, sijakukataza," alisema. "Lakini mshikie mkono asisongeshe. Wewe unaomba, mimi natafuta mshipa." Mama akaomba, nesi akatafuta, na sijui yupi alimaliza kwanza, ila nilipotazama maji yalikuwa yakidondoka kwenye mpira, tone baada ya tone. Baba alifika kesho yake na vumbi la Awendo mwilini. Awino alikaa hospitalini siku kumi na mbili. Aliporudi ufukoni, kitu cha kwanza alichouliza ni nani aliyeitumia chupa yake.

Turubai halikuanguka kwa kishindo. Wanawake wawili waliondoka siku ile, wengine walimaliza mfungo, na baadaye Mtumishi alilikunja akahamia ufuko mwingine. Mama alirudi kwenye kanisa la Dani, akaketi benchi la nyuma mwaka mzima kabla hajaimba. Hakuacha kuomba hata siku moja. Mimi hakuniacha hivi hivi. Alisema uongo katika sala ni dhambi hata ukiokoa mtu, akanipeleka mbele ya Dani nikaungame. Dani alisikiliza yote kwa uso mkavu kisha akashindwa kujizuia. "Mungu ana mvua nyingi," alisema huku akifuta machozi ya kicheko. "Hawezi kugombana na mtoto kwa moja ambayo haikunyesha." Mama akacheka pia, kidogo, na kicheko hicho ndicho nilichokihesabu kuwa msamaha.

Dani ametutoka sasa. Ufukoni siku hizi kuna meza za nyavu za kuanikia, na simu hutangaza mvua kabla ya vilima. Lakini waliokuwa na turubai moja sasa wana vipaza sauti na video, na sauti zao hufika hadi kitandani mwa mgonjwa. Mwaka jana mwanafunzi wangu mmoja hapa Homa Bay aliacha kuja shule, mtoto wa selimundu, na nilipokwenda kwao mama yake aliniambia ametupa dawa kwa sababu ameamini. Sikubishana naye kuhusu Mungu, kwa kuwa ninamwamini Mungu huyo huyo. Nilimsimulia habari za zamu ya macho. Asubuhi yake tulikwenda kliniki pamoja, akiomba njia nzima, nami nikiitikia amina. Nina hakika na jambo hili kuliko ninavyokuwa na hakika na mambo mengi: imani ikikuomba uyafumbe macho yote ya nyumba yako kwa wakati mmoja, iogope, hata kama aliyeileta analia unapolia. Mtoto yule yuko darasani, kiti cha mbele, na chupa yake mezani.

Awino ni fundi cherehani mjini Migori. Ana miezi mizuri na miezi mibaya, ana kidonge chake, na ana ulimi mrefu. Pasaka iliyopita tulikutana sote kwa mama, Muhuru Bay. Tangu msimu ule mama huwa haanzi kuomba juu ya chakula kabla ya kuuliza, "Nani ana macho?" na miaka yote hii nimejibu mimi, wala hakuna aliyewahi kunipokonya zamu. Ukweli ni kwamba nilikuwa siwezi kufumba. Kanisani, mazishini, hata siku ya harusi yangu, kila watu walipofumba mimi nilimtafuta Awino kwa macho, nikahesabu anavyopumua. Mara hii mama aliuliza, nami nikafungua mdomo, lakini Awino alikuwa ameshainua mkono. "Leo mimi," alisema. "Dada, umechoka. Fumba." Nilimtazama. Alikuwa amekaa wima, mkono mmoja juu ya chupa yake, macho yake wazi kabisa, akitutazama mmoja mmoja kama anayetuhesabu. Nikafumba.